Shajara ya maktaba ndogo ya sheria za ardhi ya jamii asilia, Kapchorwa

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kufanya kazi kama yetu kwingineko, iwe Kisoro, Moroto au ng'ambo ya Suam. Tunakusanya hukumu, sheria, ripoti za utafiti na miongozo inayohusu haki za ardhi za jamii asilia, vyote visomeke bila intaneti katika chumba kimoja hapa Kapchorwa, kila kimoja na muhtasari wake wa Kiswahili. Tumechagua Kiswahili kwa sababu wasaidizi wetu wa sheria ni mchanganyiko wa Wasabiny, Wagisu na Wapokoti, na hicho ndicho wanachosemezana wakikaa pamoja. Bei zote ni shilingi za Uganda. Yaliyokwenda sawa tumeyapitia haraka.

12 Februari 2024: Chumba na sheria za nyumbani

Chumba tumepewa na akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Hatulipi kodi, tunalipa umeme tu. Kabati la chuma la mtumba 280,000, skana ya mtumba kutoka Kampala 380,000. Kompyuta ilikuwepo.

Sheria za hapa nchini hazikusumbua. Katiba ya 1995, Sheria ya Ardhi ya 1998, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005 na hukumu nyingi za mahakama zipo bure kwenye tovuti ya ULII, hazina ya mtandaoni ya sheria na hukumu za Uganda, kwa hiyo gharama ni bando tu. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 2013 nayo ilipatikana bila shida.

Kilichotukwamisha ni kutafuta kwa mada. Ukiandika "jamii asilia" kwa Kiingereza ndani ya sheria za Uganda, unaletewa mambo ya uraia. Jedwali la Tatu la Katiba linataja jamii asilia kuwa zile zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na baada ya marekebisho ya 2005 orodha hiyo ina jamii 65. Baganda wamo, Waacholi wamo, Wabatwa wamo, Waik wamo. Kwa kipimo hicho karibu kila raia wa Uganda ni wa jamii asilia, ilhali Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu inawazungumzia watu ambao maisha na utamaduni wao vimefungamana na ardhi fulani na ambao wametengwa kwa muda mrefu. Tuliacha kutafuta kwa mada, tukatafuta kwa mahali: Bwindi, Mgahinga, Echuya, Mlima Elgon, Timu, Moroto. Hapo ndipo mambo yalipoanza kutokea.

9 Machi 2024: Kufuata tanbihi

Kwa nyaraka za nje hatukuanza na orodha ya mtu. Tulichukua hukumu moja, ile ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha katika kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya, ya tarehe 26 Mei 2017, tukaichapa na kupigia mstari kila kesi iliyotajwa chini ya ukurasa. Kutoka hapo tukaenda kwa Waendorois wa Ziwa Bogoria, Kenya, uamuzi wa Tume ya Afrika uliotangazwa 2010. Waendorois wakatupeleka Amerika: Saramaka dhidi ya Suriname (2007) na Awas Tingni dhidi ya Nikaragua (2001). Kando ya mnyororo huo tuliongeza Richtersveld ya Afrika Kusini (2003), kesi ya Wasan wa Kalahari ya Kati nchini Botswana (2006), na Mabo ya Australia (1992), iliyofuatwa na sheria yao ya mwaka 1993 juu ya umiliki wa asili.

Njia hii haigharimu kitu na inakupa nyaraka ambazo mahakama yenyewe imeziona zina uzito. Ubaya wake ni kwamba tanbihi hutazama nyuma tu. Hukumu ya fidia ya Waogiek ya 23 Juni 2022 haiwezi kuonekana katika hukumu ya 2017. Kwa hiyo kila robo mwaka mtu mmoja anakaa na bando, anapitia tovuti za Mahakama ya Afrika, za Tume na ULII, na kuandika kipya alichokuta. Akikosa kipya anaandika hivyo pia, ili mwenzake asirudie kazi ileile wiki inayofuata.

20 Aprili 2024: Kesi haina jina la wenyewe

Mzee mmoja kutoka upande wa Yatui aliingia asubuhi, koti limelowa umande, akasema, "Mwalimu, nipatie kesi yetu." Tuliandika "Benet" kwenye rejista. Zikaja ripoti, ukiwemo uchunguzi wa Amnesty International wa Novemba 2021 kuhusu kuhamishwa kwa Wabenet, jamii ya Mlima Elgon. Hukumu haikuja. Dada anayetunza rejista akajaribu "Elgon", akajaribu "Kween". Hakuna kitu. Mzee alikaa kwenye benchi akitutazama kwa upole wa mtu aliyezoea kungoja ofisini.

Hukumu ilikuwemo kabatini muda wote. Imeandikwa Uganda Land Alliance dhidi ya Uganda Wildlife Authority, Shauri Dogo Namba 1 la 2004, Mahakama Kuu ya Mbale, hukumu ya makubaliano ya 27 Oktoba 2005. Jina la Wabenet halimo kwenye kichwa, kwa sababu aliyefungua kesi ni shirika na aliyeshtakiwa ni mamlaka ya serikali. Ndani, ndiyo, wakazi wa parokia (kata ya serikali) ya Yatui na kijiji cha Kabsekek, na wa parokia ya Kwoti, wanatamkwa kuwa wenyeji wa kihistoria na wa asili wa maeneo yaliyowekwa ndani ya hifadhi, wenye haki ya kukaa na kulima. Mzee alipopewa nakala alitafuta kwanza jina la parokia yake, akaliona, akauliza bei ya fotokopi.

Kesi nyingine zina tatizo hilohilo. Shauri la Wabatwa limefunguliwa kwa jina la shirika lao la maendeleo, UOBDU, na kwenye rejista ya mahakama linajulikana kwa namba tu. Waendorois ni 276/2003. Waogiek ni 006/2012. Mwanasheria anazijua namba hizi kwa moyo. Mwananchi anasema "kesi ya Bogoria" au "kesi ya Mau", na kama rejista haimwelewi, basi hukumu hiyo kwake haipo.

Tulipanga rejista upya. Kila hati sasa ina jina rasmi, majina yote ambayo watu huiita, mahali (msitu, mlima, ziwa, parokia, hata kijiji kikitajwa), namba ya shauri, na tarehe. Safu ya majina ya watu ndiyo iliyochukua muda mrefu kuijaza, kwa kuwa haipatikani kwenye tovuti yoyote. Inajazwa kwa kuuliza. Mtu akija na jina jipya tunaliongeza akiwa bado amesimama pale.

Faili za kompyuta nazo zilibadilishwa majina. Mahakama na majarida huziita majina ya ajabu, na ukishakuwa na faili sita zinazoitwa "hukumu" umekwisha. Mpangilio wetu: mwaka, mahali, jina fupi. Kwa mfano 2005-Elgon-Benet. Kama unaanza leo, anza na hili kabla hujapakua faili ya pili.

17 Juni 2024: Skana

Nakala zetu za zamani ni fotokopi ya fotokopi. Muhuri umekuwa doa jeusi, na programu ya kutambua maandishi ilitusomea Kabsekek kama mchanganyiko wa namba na alama za dola. Kupandisha skana hadi doti 600 kwa inchi hakukusaidia kitu, kulitupa faili nzito ambazo simu za watu hazifungui. Kilichofaa ni doti 300, rangi ya kijivu badala ya nyeusi na nyeupe, kisha majina ya mahali yanasahihishwa kwa mkono. Hatusahihishi hukumu nzima, hatuna watu. Tunasahihisha majina ya mahali, tarehe na namba, kwa kuwa ndivyo vinavyotafutwa.

5 Agosti 2024: Vijitabu mia tatu

Mwezi Mei tulichapisha kijitabu cha mwongozo wa Sheria ya Ardhi kwa Kiswahili: aina nne za umiliki zilizotajwa kwenye ibara ya 237 ya Katiba (kimila, huru, mailo, yaani mfumo uliozoeleka Buganda, na kukodi), namna ya kuomba cheti cha umiliki wa kimila, na namna ya kuunda chama cha ardhi ya pamoja. Nakala 300 kwenye mashine za Nasser Road, Kampala, 3,500 kila kimoja, jumla 1,050,000. Karibu kila ukurasa unaitaja Sheria ya Ardhi, Sura ya 227.

Tarehe 1 Julai toleo jipya la sheria zote za Uganda lilianza kutumika. Sheria ya Ardhi sasa ni Sura ya 236. Maandishi ya sheria yenyewe hayakugeuka, ila namba ya sura imehama, na katika sheria kadhaa hata namba za vifungu zimesogea. Msaidizi wa sheria akienda wilayani na Sura ya 227 anaweza kuambiwa sheria yake imepitwa, na hapo mazungumzo yanaishia mlangoni.

Kutupa vijitabu vya milioni moja hatukuweza. Tulichapa vibandiko, karatasi za kunata zikatugharimu 60,000, na vijana wa shule wakavibandika kwenye jalada la ndani: namba ya zamani, namba mpya, tarehe ya kubadilika. Kwenye ukuta tumetundika jedwali la sheria zote tunazotumia zikiwa na namba zake mbili. Namba ya zamani haiwezi kufutwa kabisa, maana kila hukumu iliyotolewa kabla ya Julai 2024 inazungumza kwa namba hiyo, na msomaji ataikuta.

Tangu hapo, kwenye muhtasari wowote, sheria inatajwa kwa jina na mwaka wa kutungwa kwanza. Namba ya sura inakuja baadaye, na kama nafasi ni ndogo inaachwa.

18 Novemba 2024: Kadi ya hali

Huenda hii ndiyo sehemu ya kazi yetu inayostahili kunakiliwa kuliko zote.

Yule mzee wa Yatui alirudi na kijana wake. Walikuwa wamesoma hukumu ya 2005 yote, na kijana akauliza swali ambalo hati haikuweza kulijibu: "Sasa kama tulishinda, mbona bado tuko kwenye kambi?" Yeyote anayewapa watu hukumu ile peke yake anawapa nusu ya habari. Mwaka 1983 serikali ilitenga hekta 6,000 kwa ajili ya Wabenet. Mwaka 1993 Mlima Elgon ukafanywa hifadhi ya taifa, na upimaji ukaonyesha ardhi iliyotolewa ilikuwa kama hekta 7,500, mpaka ukachorwa upya, waliobaki nje ya mstari wakawa wavamizi. Ikaja hukumu ya makubaliano Oktoba 2005. Februari 2008 watu wakaondolewa tena. Hukumu haisemi hayo, wala haiwezi kuyasema, kwa kuwa ilishaandikwa.

Kwa hiyo kila hukumu sasa imebanwa na kadi ya nusu ukurasa. Kadi inaeleza mahakama iliamua nini, nani aliagizwa kufanya nini, nini kimefanyika tangu hapo, na tarehe ambayo mtu wetu ameihakiki. Kadi isiyo na tarehe tunaichana.

Ya Wabatwa inaanza 1991, Bwindi na Mgahinga zilipofanywa hifadhi za taifa. Tarehe 19 Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba walipoondolewa misituni waliachwa bila ardhi na bila fidia ya kutosha, ikaelekeza suala la hatua za kuwarekebishia hali liende Mahakama Kuu. Serikali ikakata rufaa Mahakama ya Juu. Mtu akisoma magazeti ya wiki ile ya Agosti atadhani mambo yalikwisha.

Ya Waogiek: 2017 walishinda, 2022 Mahakama ikaagiza Kenya ilipe shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa madhara yasiyo ya mali, pamoja na kuwapimia na kuwapa hati ya ardhi yao. Novemba 2023 nyumba zilikuwa zinabomolewa Sasimwani, Narok.

Kuna kadi mbili ambazo si za kesi, tuliziandika kwa kuwa maswali yale yale yalikuwa yanarudi. Moja inahusu Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili, la 13 Septemba 2007: kura 144 za ndiyo, 4 za hapana, nchi 11 hazikuegemea upande wowote, na Uganda haikupiga kura. Azimio si mkataba, linatumika kama hoja. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, ambao Uganda iliuridhia 1986, ndio unaoifunga, na ibara zake za 14, 21 na 22 ndizo zinazotajwa sana kwenye kesi za ardhi. Mkataba namba 169 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) kuhusu watu wa asili, ambao wanaharakati wanapenda kuunukuu, Uganda haijauridhia.

Kadi ya pili inajibu "Twende Arusha wenyewe?" Uganda imeridhia itifaki ya Mahakama ya Afrika lakini haijatoa tamko linaloruhusu mtu binafsi au shirika kufungua kesi moja kwa moja. Kenya nayo hali ni hiyo. Waogiek walipitia kwa Tume iliyoko Banjul, na Tume ndiyo iliyoifikisha kesi Arusha. Kadi hii imeokoa nauli za watu.

Gharama ya kadi zote: rimu moja ya karatasi 22,000, na muda.

10 Februari 2025: Kisanduku

Tulinunua kompyuta ndogo aina ya Raspberry Pi, 450,000 pamoja na kava na chaja, tukaweka maktaba nzima ndani yake, ikawa inarusha Wi-Fi chumbani: unaingia na simu, unasoma, hulipi bando. Ilifanya kazi vizuri hadi umeme ulipoanza kukatika mara kwa mara msimu wa mvua. Kadi ya kumbukumbu ikaharibika, tukaweka upya, ikaharibika tena. Dawa yake ilikuwa mambo mawili: betri ndogo ya 120,000 kati ya ukuta na kisanduku, na kuiweka kadi katika hali ya kusomwa tu, isiandikwe kitu isipokuwa siku ya kuongeza hati. Tangu hapo hatujabadilisha kadi.

Hata hivyo, tungeulizwa leo tungesema kisanduku kingeweza kungoja. Wanaokitumia ni wanafunzi. Wasaidizi wa sheria wanataka kuondoka na kitu mfukoni, na kadi ya kumbukumbu ya simu ya 25,000 yenye faili zilizopangwa vizuri inafika hadi Bukwo. Kisanduku hakitoki nje ya ukuta.

26 Mei 2025: Makala zilizofungwa

Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 hailindi maandishi ya sheria, maamuzi ya mahakama wala ripoti za tume za uchunguzi za serikali. Hivyo tunanakili bila wasiwasi. Makala za majarida ya vyuo vikuu ni jambo jingine: yanauzwa kwa dola, moja tu kwa bei ya mzigo wa viazi. Tuliwaandikia watafiti wenyewe. Wengi hutuma nakala yao na kuuliza kama tunahitaji nyingine. Asiyejibu, tunaandika muhtasari kwa maneno yetu na kuonyesha makala ilipo. Ripoti za mashirika na za Tume ya Afrika, ikiwemo ile ya kikosi kazi chake kilichozuru Uganda 2006, ziko wazi.

Australia ilitufundisha kitu: taasisi ya AIATSIS ya Canberra, iliyoanzishwa 1964, imechapisha kwa miaka mingi makala fupi za sheria ya ardhi kwa lugha ambayo asiye wakili anaweza kuifuata. Urefu wa muhtasari wetu, kurasa mbili hadi nne, tumeuchukua kutoka humo.

2 Septemba 2025: Sauti, na ramani moja iliyotolewa

Wazee wengi hawasomi Kiswahili ila wanakisikia, na Kikupsabiny wanakisikia zaidi. Mwalimu mstaafu amesoma kadi kumi za kwanza kwa lugha zote mbili. Tulirekodi kwa simu ndani ya kabati la nguo, nguo zinaua mwangwi. Mafaili yanazunguka kwa WhatsApp kuliko hati yoyote tuliyowahi kuchapa. Tatizo: rekodi haina tarehe inayoonekana, na kadi ya hali huzeeka. Sasa kila rekodi inaanza kwa kutaja mwezi na mwaka, na mwisho wake inataja tena.

Tulikuwa pia na ramani ya jamii yenye mapango, njia za ng'ombe na mahali pa mizinga, iliyochorwa kwa ajili ya mazungumzo na mamlaka. Mama mmoja aliiona kwenye simu ya mtu asiyemjua, akaja kutuuliza nani aliruhusu. Tukaitoa kwenye kisanduku siku hiyo hiyo. Ramani na ushuhuda wenye majina sasa vinakaa kwenye bahasha ndani ya kabati, na ufunguo anao mtu aliyechaguliwa na wanajamii, si sisi. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 ingetosha kuwa sababu. Ila wenye mapango walikuwa na neno kabla yake.

14 Oktoba 2025: Yaliyobaki

Ombi letu la nakala ya ramani ya mipaka, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari, limepita siku 21 za kisheria bila jibu. Kwa sheria hiyo kimya ni sawa na kukataliwa, na kukataliwa kuna njia yake ya malalamiko, kwa hiyo barua ya pili inaandikwa. Kilichotuponza ni kupeleka ombi la kwanza bila kugongewa muhuri wa kupokelewa. La pili lina muhuri, na fotokopi yake iko kwenye rejista.

Toleo la pili la kijitabu liko kwa mhariri, nakala 200, bei ya karatasi imepanda hadi 4,200 kila kimoja. Wenzetu wa Kisoro wameomba safu za rejista na kiolezo cha kadi, tumewatumia kwa kadi ya kumbukumbu kupitia dereva wa basi. Kadi za Wabatwa wataziandika wao. Sisi tutaondoa zetu zikifika.